Bomu Kwenye Beseni

Rafiki yangu aliniletea zawadi ya siku ya kuzaliwa: bomu la kuogea. Donge la duara, la zambarau, kubwa kama chungwa, linanukia lavenda. Maelezo yake yaliagiza: jaza sinki la kuogea maji ya moto, litumbukize, jilaze, pumzika.

Nyumbani kwetu Ngarenanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, hakuna sinki la kujilaza. Kuna beseni. Nikachemsha maji, nikalitumbukiza humo. Likafoka kama soda iliyotikiswa, povu likapanda, chumba kizima kikanukia. Nikaingiza miguu. Kwa dakika tano hivi, nakiri, nilikuwa binti mfalme kuanzia vifundoni kushuka chini.

Kisha mama akachungulia. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Mwanangu, sasa hayo maji tutayafanyia nini?"

Kwetu maji yaliyonawiwa miguu yana kazi ya pili: yanamwagiwa mchicha. Haya yalikuwa ya zambarau, yana mafuta na rangi. Yakamwagwa njiani.

Tuanze na kitu chenyewe. Bomu hili lilibuniwa Uingereza mwaka 1989 na Mo Constantine, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Lush. Ndani kuna sodiamu baikaboneti, ile ya kuumulia keki, na asidi ya sitriki, ile inayoupa limau ukali wake. Vikikutana majini vinatoa gesi, na ndiyo povu tunalolishangilia. Kinachobaki ni rangi na manukato. Ndugu wa baikaboneti hiyo ni magadi, tunayolainishia maharage na makande huku kwetu.

Mitandaoni tunaambiwa huku ndiko kujipenda. Nakataa. Sinki la kuogea humeza lita 150 hivi. Ndoo yetu ina lita 20. Hizo ni ndoo saba na nusu, na kila ndoo ina kichwa cha mtu chini yake. Mara nyingi ni kichwa cha mwanamke.

Na maji yenyewe je? Miamba ya volkano ya Meru huyatia floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya huku huvuka kiwango hicho. Magadi nayo huongeza yake chunguni. Mtoto akikua kwa maji hayo, meno yake huota na madoa ya kahawia. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa. Mimi nina meno hayo. Nikicheka Dar es Salaam, watu wanajua nimetoka Arusha. Tangu shule ya msingi nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Leo naambiwa ninachokosa ni harufu ya lavenda!

Najua jibu: acha wivu, kila mtu na starehe yake. Sina ugomvi na starehe. Wanawake wa pwani walisingwa kwa singo na kujifukiza udi zamani, kabla bomu hili halijabuniwa, na hawakuhitaji lita 150. Tena bibi arusi hajisingi peke yake. Kuna mikono ya watu wanaomjali. Ugomvi wangu ni na jina. Kununua manukato kuitwe kununua manukato. Kujipenda, kwa sisi wa mteremko huu, kunaanzia kwenye maji tunayokunywa.

Na njia zipo. Ngurdoto kuna kituo kilichotafiti kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa hapa Arusha, alibuni kichujio cha maji kilichoshinda Africa Prize ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015. Lakini sijaona mrembo yeyote mtandaoni akijipiga picha na mkaa wa mifupa.

Jioni ile nilichemsha maji mengine, matupu, nikamwambia mama akae aloweke miguu. Akasema ana maharage ya kubandika. Nikamwambia nitayabandika mimi, bila magadi. Bila magadi maharage huchelewa sana kuiva, na huo ndio muda niliotaka akae.

Akakaa. Maji yakaenda kwenye mchicha.