Kabla mbogi yenu iende Chalbi, tafuteni mtu wa kuwaambia 'hapana'

Wewe unayesoma hii ndani ya matatu kati ya Ruiru na Thika, hebu inua macho uangalie barabara. Hiyo lami ni A2. Ukiifuata tu bila kukunja, itakutoa Thika, ikupitishe Sagana, Karatina, Nanyuki, Isiolo na Marsabit, hadi Moyale mpakani na Ethiopia. Ni zaidi ya kilomita 700. Zamani ukishapita Isiolo lami iliisha na maombi yakaanza. Siku hizi lami inafika hadi mpakani, na ndiyo maana kila mbogi sasa ina mpango wa kwenda "kule juu": Chalbi, Kalacha, Loiyangalani, Ziwa Turkana.

Mipango yenyewe naijua inakozaliwa. Ni Kamakis, Jumamosi usiku, nyama choma iko mezani. Mmoja anatoa simu anaonyesha video ya gari likikata jangwa, vumbi nyuma kama moshi wa treni. Mwingine anasema anajua mtu anayekodisha Prado. Kufikia saa tano usiku grupu ya WhatsApp imefunguliwa, jina limepewa, na swali limebaki moja tu. Twende na kampuni ya utalii yenye dereva na mwelekezi wake, ama tukodi gari tujiendeshe?

Swali hili huwa linajibiwa vibaya kwa sababu watu hulifanya shindano la ujasiri na mfuko. Ukitaka kujiendesha, wewe ni mwanaume. Ukitaka mwelekezi, wewe ni muoga ama uko na pesa za kuchezea. Mimi nasema hivi: jiendeshe ukipenda, lakini usiingie kule bila mwenyeji wa pale kwenye kiti cha mbele kushoto. Na huyo mtu umpe mamlaka moja kubwa, ya kuwaambia "leo hatupiti hapa", na nyote mnyamaze mgeuze gari.

Kwanza niwe mkweli kwa upande wa kujiendesha, maana si ujinga. Kushika usukani kuna raha yake. Unasimama unapotaka, unapiga picha hadi utosheke, mziki ni wenu. Kampuni nyingi hupanga safari kwa bei na mwendo wa mgeni aliyetoka ng'ambo, na wewe kijana wa Githurai unaketi kiti cha nyuma kama mzigo, ukiambiwa saa ya kula na saa ya kulala. Halafu magari tuko nayo damuni. Kiwanda cha KVM hapa Thika, kilichoanza miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya, kiliwahi kuunganisha Land Rover. Mtoto wa Thika akitamani kupeleka gari jangwani, nani atamcheka?

Lakini jangwa halijui umetoka wapi. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana. Ukiliangalia kwa mbali utasema ni uwanja wa ndege: pana, jeupe kwa chumvi, limelala tambarare. Hapo ndipo dereva wa Thika Road hukanyaga mafuta. Shida ni kwamba juu ni ganda tu. Mvua ikiwa imenyesha, hata kama ni siku kadhaa zilizopita, chini ya ganda kuna matope, na gari likilivunja linalalia tumbo. Mwenyeji anaangalia rangi ya ardhi na alama za magari yaliyotangulia, anakuambia zunguka. Wewe unaona nyeupe na nyeupe.

Na tafadhali, wasee wa Subaru Forester, msinikasirikie. Najua magurudumu yote manne yanavuta. Najua kona za Naivasha mnazimaliza. Lakini tumbo la gari liko chini, na halina ile gia ndogo ya kutambaa ambayo Land Cruiser hutumia kujikokota mchangani. Kuvuta na kutambaa ni vitu viwili tofauti.

Kisha kuna laga. Hii ni mito ya mchanga ya kaskazini ambayo karibu mwaka mzima haina tone la maji. Asubuhi unaivuka mbuzi wakipita mbele yako. Mchana mvua inanyesha mlimani, mbali, pengine hata wingu hulioni, na maji yanashuka kwa kishindo huku juu yako jua linawaka. Kule Oman mito ya namna hii huitwa wadi, na kuvuka wadi iliyofurika kwa gari ni kosa la sheria. Hapa kwetu anayekuzuia ni akili yako tu, au ya mtu aliye kando yako.

Kama unaona natia chumvi, kumbuka Hell's Gate, karibu na Naivasha, korongo ambalo nusu ya vijana wa Kiambu wameshapiga picha ndani yake. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kanisa waliokuwa wametembelea korongo hilo. Septemba 2019 maji yakaja tena, yakaua watu saba. Hapo watu walikuwa kwa miguu, si garini, lakini maji ni yaleyale na kuta za mwamba ni zilezile: ukishakuwa ndani, pa kukimbilia ni juu tu.

Sasa nitaje jambo linalouma kwa hoja yangu mwenyewe. Mmoja wa waliokufa mwaka 2019 alikuwa mwelekezi. Kwa hivyo usinielewe vibaya. Mwelekezi si hirizi. Kumbeba hakufanyi maji yakuogope. Basi kazi yake ni gani?

Fikiria hali ilivyo ndani ya gari la kukodi. Kodi imelipwa ya siku nne. Pesa za dhamana ziko kwa mwenye gari. Jumatatu mmoja anarudi kiwandani, mwingine dukani, mwingine ana mtihani. Mmeendesha siku nzima, na mbele yenu kuna laga yenye maji ya kufika magoti. Nani kati yenu atasema turudi? Aliyelipa anataka alichokilipia. Anayeendesha anaona aibu. Aliye nyuma anaogopa kuitwa mwoga hadi Krismasi. Wote mna sababu ya kupita na hakuna mwenye sababu ya kukataa. Hapo ndipo wajinga hufa, na wenye akili hufa pamoja nao kwa sababu walinyamaza.

Mtu wa pale hana aibu hiyo. Hakujui, hatakutana nawe Kamakis, na ameona magari yakibebwa. Lakini kuna sharti: hata yeye ukimbana kwa pesa atanyamaza. Ukimwambia utamlipa mkifika ziwani, umemnunulia sababu ya kusema "twende tu". Kwa hivyo mkubaliane kabla ya kuwasha gari: siku yake inalipwa kamili hata mkirudi nyuma saa nne asubuhi. Hicho kipengele kimoja ndicho kinachofanya "hapana" yake iwe ya bure kwake, na kwako iwe ya thamani.

Kipimo hichohicho kitumie hata ukiamua kwenda na kampuni. Usiulize tu bei na kama kuna chakula. Uliza: nani anaamua kugeuza gari njiani? Mkigeuza, dereva anakatwa? Sisi tunarudishiwa nini? Kampuni inayojibu bila kujikuna kichwa, hiyo nenda nayo. Ile inayokuambia "usijali, tutafika tu", kaa mbali nayo. Dereva anayeogopa bosi wake ana shida ileile ya dereva anayeogopa marafiki zake.

Na usidhani ni lazima uchague moja kati ya mawili. Kule Moab, jimbo la Utah nchini Marekani, mji unaojulikana duniani kwa makorongo ya mwamba mwekundu, kuna safari ambapo mgeni anaendesha gari lake mwenyewe huku mwelekezi akitangulia na lake. Raha ya usukani unaipata, na njia inachaguliwa na anayeijua. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa bei nafuu zaidi: yeye aketi ndani ya gari letu. Mimi niliacha chuo, sina karatasi ya utalii, lakini kugawanya najua. Chukua mfano tu, si bei ya mtu yeyote: mwelekezi akitaka elfu tatu kwa siku na nyinyi ni watano, ni mia sita kila mmoja. Kamakis hiyo haifiki hata nusu kilo na soda.

Upande wa gari nao, someni mkataba. Someni kweli, si kutia sahihi ukiangalia picha ya Prado. Mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza kutoka kwenye lami, au inataka ruhusa ya maandishi kwa kaunti fulani. Ukivunja sharti hilo, bima inaweza kukuacha. Matairi, vioo na sehemu ya chini ya gari mara nyingi ni juu yako. Bredauni ya kukutoa Chalbi hadi Marsabit ni juu yako pia, na haiji kwa dakika kumi kama ya Thika Road. Mwambie mwenye gari wazi unakoenda. Akikataa, hiyo ni "hapana" ya kwanza, na imekuja mapema na bila gharama.

Mkishapata gari linalofaa, nendeni na mawili. Gari moja jangwani likikwama ni kambi. Mawili, moja linavuta lingine. Bebeni spea mbili kwa kila gari, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea chini ili isizame mchangani, sepetu, kamba imara ya kuvutia na pampu ya upepo. Pampu ni ya nini? Kwenye mchanga unapunguza upepo wa matairi ili yatandaze mguu, halafu ukirudi kwenye njia ngumu unayajaza tena. Jazeni mafuta Marsabit, msiseme "tutapata mbele". Maji ya kunywa yahesabiwe kwa kila mtu kwa kila siku, na muongeze ya siku moja ambayo hamkuipanga. Mtandao wa simu utapotea, kwa hivyo mwachieni mtu nyumbani njia mtakayopita na saa ya kuanza kuwatafuta.

Usalama nao muulizie Marsabit kwa polisi na kwa wenyeji, siku hiyohiyo, si kwenye video ya mwaka jana. Kaskazini ni nchi ya watu wakarimu, lakini pia ina historia. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa wakifuatilia mifugo walioibwa. Walikuwa na bunduki na amri ya serikali. Wewe uko na spika ya Bluetooth. Mwenyeji anajua njia ipi ina amani wiki hii, na ipi ungoje.

Kuna jambo lingine, na hili ni la sisi vijana kwa vijana. Barabara ya vumbi inayokunja pale Laisamis kuelekea Loiyangalani iliboreshwa ili ipitishe mitambo ya umeme wa upepo, ile 365 iliyosimama karibu na Ziwa Turkana. Mitambo ilipita, sasa tunapita sisi. Tukibeba chakula kutoka supamaketi ya Thika, mafuta ya Marsabit, tukalala kwenye hema letu na kujiongoza kwa simu, tutakuwa tumemwachia kijana wa Kalacha au North Horr nini? Vumbi. Pengine na chupa za plastiki. Yeye, kama mimi na wewe, anatafuta kazi, na elimu aliyo nayo ya ile ardhi hakuna chuo kinachoifundisha. Aliipata akifuata ngamia wa babake. Kumlipa si sadaka. Ni kununua ujuzi ambao huna.

Huyo huyo atakufundisha adabu pia. Kwamba kisima cha ngamia si mahali pa kuoshea gari. Kwamba mzee wa Kigabra hapigwi picha kabla hujamsalimia na kumwomba. Kwamba malisho yanayoonekana kama nyasi zilizokufa ni chakula cha mifugo mpaka mvua ije, na tairi lako likipita juu yake umekanyaga sahani ya mtu.

Najua kuna atakayesema mbona fulani alienda peke yake na Probox na akarudi salama. Sawa, alirudi. Wengi hurudi. Tofauti ya bahati na ujuzi ni kwamba bahati haiwezi kukuambia lini imeisha.

Kwa hivyo kwenye hiyo grupu yenu, kabla ya kuulizana nani ana Prado, ulizaneni nani ana namba ya mtu Marsabit. Mpigieni. Mwulizeni mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, njia ya Maikona iko aje, na siku yake ni pesa ngapi. Akiwaambia msije wiki hii, msibishane naye. Mtumieni pesa kidogo ya kumshukuru, hamisheni tarehe, na mwende Fourteen Falls mkale samaki.