Mizigo ya Shujaa



Majuma mawili yaliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitukabidhi daftari la mwanawe wa kidato cha tatu. Ndani yake tulikuta shujaa wa kubuni, nguvu zake za ajabu, yaani kuruka angani na kupenya kuta, pamoja na hesabu ndefu za pointi. "Baba Paroko," aliuliza kwa hofu, "huu si uchawi?" Tuliomba muda tusome kanuni zenyewe, maana si haki kuhukumu kisichochunguzwa. Leo, kwa idhini ya mama na mwana, tunawashirikisha jibu letu.

Mchezo huo huchezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mmoja huongoza hadithi. Wengine kila mmoja huigiza mhusika aliyembuni mwenyewe. Asili ya michezo hii ni Marekani, ambako Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974. Mwaka 1979 ukaja Villains & Vigilantes, ambamo mchezaji aliigiza nafsi yake, na dadu zikamgawia nguvu za kishujaa. Kisha mwaka 1981 George MacDonald na Steve Peterson wakatoa Champions. Humo nguvu haziji kwa bahati. Hununuliwa kwa pointi, kama mtu aendaye sokoni na fedha yenye kikomo.

Kanuni iliyotugusa ni hii. Katika toleo la nne la Champions, la mwaka 1989, shujaa wa kawaida alianza na pointi 100. Aliyetaka zaidi aliweza kupata nyingine hadi 150, kwa sharti la kukubali mizigo. Je, yupo adui anayemwinda? Anaye shangazi mzee asiyeweza kujilinda? Ameapa kutoua, hata kiapo kikimgharimu ushindi? Kila mzigo ulikuwa na thamani yake. Hesabu yenyewe basi yatuambia kwamba zaidi ya nusu ya shujaa yaweza kutokana na yale yanayomlemea.

Rai yetu ni kwamba huo si uchawi. Hofu ya namna hiyo ilienea Marekani katika miaka ya 1980, watu wakidai kwamba michezo hii huwapeleka vijana kwa shetani. Ilitangazwa sana, lakini haikuthibitishwa. Hatusemi kwamba kila kitu ni salama. Mchezo unaomnyima mtoto masomo na usingizi wastahili kukemewa, hata ungekuwa bao. Lakini hatari tuliyoiona katika daftari lile ni nyingine, nayo yatuhusu sote.

Kijana alikuwa ameandika: "Udhaifu: theluji humwishia nguvu." Hadithi yao hutendeka Tanga! Alitaka pointi za udhaifu bila kuubeba udhaifu. Watunzi wa Champions waliijua hila hiyo, wakaweka kanuni kwamba kizuizi kisichozuia hakina pointi. Mutants & Masterminds, mchezo wa Steve Kenson, katika toleo la tatu la mwaka 2011 umekwenda mbali zaidi. Mchezaji huandika matatizo ya shujaa wake, lakini hapati pointi kwa kuyaandika. Huipata pale tatizo linapomkwamisha kweli katikati ya hadithi.

Wapendwa, ni wangapi kati yetu tunaoandika theluji katika daftari zetu? Tukiulizwa makosa yetu, twajibu kwamba twawaamini watu mno. Twakiri unyonge usiotugharimu, tukasifiwa kwa unyenyekevu. Siku ya harusi twaahidi kubebana katika ugonjwa, na shangwe twaipokea siku hiyohiyo. Mzigo ukija miaka kumi baadaye, twamtafuta wa kumwachia. Nasi mapadre hatujitoi katika hesabu hiyo. Mtume Paulo alikuwa na mwiba wa kweli mwilini. Aliomba mara tatu uondolewe, haukuondolewa, naye hakuacha kazi.

Tulimrudishia mama daftari, tukamshauri asilichome. Badala yake aketi na mwanawe, amwulize swali moja tu juu ya kila udhaifu alioandika: "Huu utakugharimu nini?"

Dominika iliyopita kijana alituletea daftari mwenyewe. Theluji ameifuta. Mahali pake ameandika kwamba shujaa anaishi na bibi mgonjwa, na kila Jumanne humpeleka kliniki, hata mji ukiwa unamwita. Mama yake, aliyesimama nyuma yake, aliinamisha uso. Bibi huyo yumo nyumbani mwao, na Jumanne ni siku yake ya kliniki.