Modemu Mpya Ilizidi kwa Jambo Gani?

Katika mdahalo wetu wa muhula huu, wenzangu wa Kidato cha Nne walishikilia kwamba chombo kipya hukizidi cha zamani kwa mbio tu. Mfano wao ulikuwa modemu mbili zilizomo katika kabati la chumba cha kompyuta: moja imeandikwa V.90, ya pili V.92. Siku ile sikukubali, na leo naomba nafasi nieleze sababu.

Modemu za simu ziligeuza habari za kompyuta kuwa sauti, zikapita katika waya wa simu, na upande wa pili zikageuzwa tena. Ile iliyoitwa Bell 103, ya mwaka 1962, ilipeleka biti 300 kwa sekunde, yaani herufi kama 30. Ukurasa wa herufi 1,800 ulitaka dakika nzima. Kufika mwaka 1998, modemu za V.90 ziliweza kupokea hadi biti 56,000. Mbio ziliongezeka kweli kweli.

Lakini kasoro moja ilibaki: modemu ikifanya kazi, laini yote imeshikwa. Mwaka 2002 mjomba wangu alikuwa karani katika ofisi moja hapa Masasi yenye laini moja tu. Alasiri moja alikuwa akipokea barua kwa modemu. Ndugu zake wa Newala walipiga simu mara tatu, na kila mara wakasikia mlio kwamba laini inatumika. Bibi alikuwa mahututi, anamwita. Habari zilimfikia mjomba usiku. Asubuhi alipanda mlima, akakuta kaburi.

Sasa tutazame V.92, iliyotoka mwaka 2000. Katika kupokea haikuizidi V.90 hata kidogo. Ni biti 56,000 zile zile. Ilizidi katika kupeleka, kutoka 33,600 hadi 48,000, na iliunganisha upesi zaidi. Tena, ikiwa kituo cha simu na kampuni ya intaneti vilikuwa na huduma hiyo, iliweza kusimama kidogo, mtu akapokea simu na kuzungumza, kisha ikaendelea pasipo kupiga upya. Aliyebuni jambo hili alimkumbuka mtu aliye nje anayebisha hodi. Kwangu mimi, hayo ndiyo maendeleo makubwa kuliko biti zote.

Wenzangu watasema mambo hayo yamepita. Hata kampuni ya AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya modemu za simu mwezi wa Septemba 2025. Ni kweli. Lakini kati yetu wamo watakaokuwa mafundi na kubuni vyombo vingine. Nami nikijaaliwa kuwa mmoja wao, kila chombo kipya nitakiuliza kwanza: mtu wa Newala akibisha hodi wakati kinafanya kazi, je, atasikiwa?