Utaifa wa dini moja watuhusu hata sisi

Wako wanaodai kwamba Mhindi aishiye ng'ambo hana ruhusa ya kuzikosoa siasa za nchi ya babu zake. Madai hayo husikika kila mara watu wenye asili ya India wanapoandamana London au New York kuupinga utaifa wa Kihindu. Mimi nasema wanayo haki hiyo. Isitoshe, jambo lenyewe latuhusu hata sisi wakazi wa Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia.

Kwanza tuyaweke maneno sawa. Kiswahili humwita Mhindi kila mtu mwenye asili ya India, awe Singasinga, Ismailia, Bohora au Baniani. Mhindu ni mfuasi wa dini. Tofauti ni ya herufi moja tu, lakini ndiyo kiini cha ugomvi. V.D. Savarkar, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1923, alifundisha kwamba mwana halisi wa India ni yule ambaye nchi hiyo ni ya baba zake na pia ni takatifu kwake. Kwa kipimo hicho, Mwislamu na Mkristo hubaki nje ya mlango hata kama wamezaliwa humo. Mwaka wa 1925 chama cha RSS kikaanzishwa mjini Nagpur ili kueneza fikra za namna hiyo.

Yatuhusuje? Tawi la kwanza la harakati hiyo nje ya India lilianzishwa papa hapa Kenya, mwaka wa 1947. Lile la Uingereza, ambalo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki walishiriki kulijenga, lilifuata mwaka wa 1966. Wafuasi husema kazi yao ni kuwalea vijana katika utamaduni na kuwasaidia maskini. Sikatai kwamba misaada ipo. Hata hivyo, anayelea vijana wa watu hana budi kuulizwa anawalea kwa fikra gani.

Fauka ya hayo, historia ya Wahindi wa Kenya yaikanusha itikadi hiyo. Reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901 ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na takriban 2,500 wakafa. Walikuwamo Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Makhan Singh, Singasinga, alidai uhuru hadharani mwaka wa 1950 akafungiwa hadi 1961. Pio Gama Pinto, wa jamii ya Wagoa Wakatoliki, aliuawa kwa risasi Februari 1965. Ambu Patel, Mhindu na mfuasi wa Gandhi, alipigania kufunguliwa kwa Jomo Kenyatta. Ni dini gani kati ya hizo tutakayoitoa katika historia yetu?

Yupo atakayesema kwamba kuupinga utaifa huo ni kuuchukia Uhindu. Sivyo. Gandhi alikuwa Mhindu, naye aliuawa tarehe 30 Januari 1948 na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake aliyewahi kuwa katika RSS. Nchini Marekani, Wahindu wenyewe waliunda mwaka wa 2019 shirika la Hindus for Human Rights, wakaipinga itikadi hiyo kwa jina la dini yao. Dini ni kitu kimoja, na kuifanya dini kuwa hati ya kumiliki nchi ni kitu kingine.

Wahindi wa Afrika Mashariki wanaijua hati ya aina hiyo. Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, kana kwamba nchi ina kabila la wenyewe na wengine ni wapangaji. Wengi walikimbilia Leicester. Mwaka wa 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipambana katika mitaa ya mji huohuo. Aliyefukuzwa kwa hoja ya wenye nchi ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kuikataa hoja hiyo ikitolewa kwa niaba yake.

Nasi tusijitie hamnazo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipozuka, maduka ya Wahindi wa Kisumu yaliporwa na kuchomwa. Anayelaani ubaguzi wa Delhi huku akiuchekea ule wa Oginga Odinga Street hana hoja, ana chuki tu. Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa historia wasiishie kwenye reli na maduka. Wafundisheni wanafunzi habari za Makhan Singh, Pinto na Patel. Kisha waacheni wajadiliane swali hili: nchi ni ya nani? Mwanafunzi atakayelijibu vyema kuhusu India hatashindwa kulijibu kuhusu Kenya siku ya kupiga kura.