Herufi Moja, Maana Tano

Niko Guangzhou. Zamu za usiku zimepungua. Leo nina hasira zangu, nivumilieni.

Nikitoka kazini humsaidia binamu yetu hapa Huanshi Zhonglu kutunza orodha ya vipimo vya nguo anazoagiza. Haagizi kwa herufi, maana XL ya huku si XL ya Kariakoo. Anaagiza kwa sentimita. Orodha tunaiweka kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la faili, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Ni programu nzuri, sikatai. Lakini amri zake jamani!

Chukueni -n. Kwenye git clean maana yake ni "nionyeshe utakachofuta, usifute kweli". Kwenye git add na git push pia ni majaribio tu. Safi. Sasa iweke kwenye git commit: inahifadhi kweli, tena inaruka ukaguzi tuliouweka ili nguo isiyo na kipimo isipite! Herufi ya tahadhari imegeuka ya kuondoa tahadhari. Kwenye git revert ni kugeuza bila kuhifadhi, kwenye git clone ni kutotoa mafaili, kwenye git log ni idadi. Hiyo ni lugha gani?

Sisi manesi hatuachiwi hivyo. Mwaka 2004 Joint Commission, shirika linalokagua hospitali Marekani, lilipiga marufuku kuandika U badala ya "yuniti", kwa sababu 10U ya insulini kwa mwandiko wa daktari (mnaujua!) husomeka 100. Hawakumwambia nesi akodoe macho zaidi. Waliiondoa herufi.

Mafundi hujibu kwamba ukibadilisha, kazi za watu waliozoea zitaharibika. Sawa, ila mwaka 2019, katika toleo la 2.23, waliongeza git switch na git restore zigawane kazi za git checkout, na checkout yenyewe wakaiacha palepale. Kumbe inawezekana! Basi git commit -n nayo itoe onyo kwanza, ikuulize kama kweli unataka kuruka ukaguzi.

Na wewe mdogo wangu unayesoma kompyuta huko Dodoma, acha uvivu wa herufi moja. Andika --dry-run yote, na --no-verify yote, ili mwenzako akisoma ajue ulichokusudia.