Kengele ya maji imlilie nani?

Katika miji yetu mingi maji ya bomba huja kwa mgao, na mgao huo huitia nyumba ya mzee mwenye dimensia katika hatari ya aina yake. Mzee anaingia bafuni saa nane mchana, anafungua koki, halitoki hata tone. Mwenye kumbukumbu timamu ataifunga asubiri. Mgonjwa hana cha kumkumbusha kwamba koki iko wazi, maana hasikii maji wala haoni ndoo ikijaa, anaondoka zake. Maji yanarudi saa tisa usiku, nyumba nzima imelala, tambara limeziba tundu la sakafuni, na alfajiri yamekwishavuka kizingiti hadi sebuleni, ambako waya wa umeme wa televisheni umelazwa chini. Koki inayotoa lita 10 kwa dakika humwaga lita 600 kwa saa. Tangi la lita 1,000 juu ya mnara hukauka kabla ya saa mbili kutimia. Hasara ya maji ndiyo ndogo kuliko zote. Marumaru yenye maji humwangusha kijana, sembuse mtu wa miaka 80 anayeamka gizani kutafuta choo, na nyonga ikivunjika katika umri huo wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Ndiyo maana nazikubali kengele ndogo za kugundua maji, zile zinazowekwa sakafuni karibu na sinki au choo. Utendaji wake hauna miujiza: chini yake kuna pini mbili za chuma, maji yakizigusa zote mbili umeme kidogo wa betri unapita kati yake, na king'ora kinalia. Lakini kabla ya kununua kifaa chochote cha namna hii, familia ijiulize: kinamtaka nani akumbuke? Kikimtaka mgonjwa, hakifai, hata kiwe cha bei gani. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ni asilimia 60 hadi 70 ya visa vya dimensia, kwa kawaida huanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Mzee anaweza kukusimulia harusi yake yote na majina ya wapambe, lakini koki aliyoifungua dakika tano zilizopita haimo kichwani mwake. King'ora kikilia chumbani mwake kinamdai akisikie, akitambue, akihusishe na maji, kisha akumbuke koki iko wapi. Anachokipata zaidi ni hofu, na wapo watakaokizima kwa kukivunja au kukitumbukiza kwenye ndoo.

Basi kengele imlilie mlezi. Zipo zenye kipokezi kinachowekwa chumba kingine, na zipo zinazotuma ujumbe kwa simu. Hapa nazionya familia zenye watoto Muscat au London, ambao kwa mapenzi ya kweli hununua kifaa cha intaneti na kukiunganisha na simu zao wenyewe. Ujumbe unafika London papo hapo, na maji yanazidi kupanda Tanga. Namba ya kwanza katika orodha iwe ya jirani mwenye ufunguo wa mlango, anayejua koki kuu iko wapi. Mtoto wa ughaibuni awe wa pili. Na kwa kuwa maji yanaweza kurudi wakati umeme umekatika na intaneti ya nyumbani imezimika, kengele inayotegemea betri na laini ya simu ni bora kuliko ile inayotegemea umeme wa ukutani.

Hata hivyo, kengele hulia maji yakiwa tayari yako chini. Cha kutangulia ni koki ya kubonyeza, kama zile za hotelini, inayojifunga yenyewe baada ya sekunde chache. Kuikumbuka si kazi ya mtu yeyote. Boya la tangi likaguliwe na fundi bomba, na bomba linaloshuka kutoka tangini hadi bafuni liwekewe koki yake, ili mlezi aifunge usiku huku tangi likiendelea kujaa. Ndoo ya maji na kata viachwe chooni, kwa sababu kumfungia mzee maji kabisa ni kumkosesha ya kunywa na ya kujisafishia, na kumtia ghadhabu ambayo mlezi ataihangaikia mpaka asubuhi.

Watasema hayo ni ya Wazungu, kwetu mzee hakai peke yake. Kweli, lakini dimensia iko kwetu pia: utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 uliikuta kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Na anayekaa na mzee ni binti aliyeshinda kazini, au dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Wagonjwa wengi hukesha. Mlezi hawezi kukesha nao kila siku. Kumsifu kwa uvumilivu halafu kumnyima kifaa cha kumwezesha kulala ni unafiki, nami sioni neno la upole zaidi.

Wapo pia wanaoona aibu kumtegea mzazi vifaa. Kwa kamera nawaelewa: kamera bafuni ni kumvunjia mtu heshima. Kengele ya maji haioni wala haisikii. Inajua tu kama sakafu ni kavu. Tabu yake ni nyingine. Betri huisha, na kengele iliyokufa inafanana kabisa na iliyo hai. Mlezi aijaribu kila tarehe mosi kwa kitambaa kibichi, na aliye chumba cha pili aseme kama ameisikia huku mlango wake umefungwa na feni inazunguka.