Kenyatta na Moi: Nani Alituumiza Zaidi?

Ibada ikimalizika, iwe Kitui mjini au Wote, hakosekani mzee wa kusema kwamba enzi za Kenyatta zilikuwa afadhali. Mimi, kama wakili, nasita.

Tuanze na mwana wa Ukambani. Mwaka 1975 mahakama ilimpata Paul Ngei na kosa la uchaguzi, na sheria ikamzuia kugombea kwa miaka mitano. Desemba mwaka uo huo Katiba ikabadilishwa ili Rais apate uwezo wa kumsamehe. Kwa kuwa aliyenufaika alikuwa wetu, jambo hilo hatupendi kulitaja. Miezi miwili kabla, Shikuku na Seroney walikuwa wamekamatwa katika majengo ya Bunge na kutiwa kizuizini bila mashtaka.

Moi naye tumtendee haki: Desemba 1978 aliwaachilia mahabusu wote wa kisiasa. Lakini Juni 1982 kikaja kifungu cha 2A, na chama kimoja kikawa sheria. Mwaka 1988 wananchi wakapiga kura za mchujo kwa mlolongo, na majaji wakanyang'anywa ulinzi wa kazi yao. Hapo nakiri Moi alizidi. Kenyatta aliipinda Katiba amwokoe rafiki. Moi aliifunga mikono mahakama yenyewe, hata mshtakiwa wa kesho asiwe na pa kukimbilia.

Ila njia aliikuta imekwisha kufyekwa. Mzee akikwambia tena habari za enzi njema, mwulize KPU ilipigwa marufuku mwaka gani. Ilikuwa 1969.